Usicheke, Nimeshika Wembe

Karatasi yenyewe haikuzidi kiganja. Ilibandikwa ukutani, upande wa kulia wa mbao tatu alizochora marehemu mume wangu, na herufi zake zilikuwa ndogo hata ikanibidi nitoe miwani mkobani. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Nikasoma tena polepole, kidole hewani, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto.

“Fundi Mstari, mchora vibao wa mtaani. Hakujua kusoma wala kuandika. Alinakili herufi bila kuzielewa, ndiyo maana zimekaa kinyumenyume. Taji kubwa lisilo na uwiano, linaloelea juu ya kiti kitupu, ni kilio cha mtu aliyenyimwa nafasi katika jamii.”

Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Karani wa posta, muuguzi wa zahanati, hata diwani anayepita na gari lenye vioo vyeusi, wote waliitamka a-e-i-o-u yao ya kwanza mbele yangu. Na sasa ukuta wa Jumba la Sanaa ulikuwa ukiutangazia mji mzima kwamba mwalimu huyo alikaa nyumba moja, miaka thelathini na minne, na mwanamume asiyeweza kusoma jina lake mwenyewe.

Wifi yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye huuza mitumba sokoni na hajapata kunong'ona tangu azaliwe.

“Wifi, wameandika nini hapo? Mbona shingo imekukaza hivyo?”

Nikamsomea.

“Kaka yangu?” akasema. “Huyu aliyekuwa akisoma gazeti mpaka matangazo ya misiba ya watu asiowajua?”

“Huyo huyo.”

“Basi aliyeandika hii ndiye hajui kusoma. Bandua tuondoke nayo.”

Wageni wawili waligeuka kututazama. Sikubandua. Mimi si mtu wa kubandua vitu ukutani mwa watu. Lakini nilijua kwamba siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, na kwamba Jumatatu watoto wa shule niliyofundisha wangeletwa hapo kwa mabasi mawili, wapangwe mstari mbele ya karatasi ile na kuisoma kwa sauti. Haya nilikuwa nimeambiwa na mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyekwisha kuyaona maonyesho na kunipigia simu asubuhi. “Hongera, mzee ametundikwa Jumba la Sanaa,” alisema, kisha akashusha sauti. “Lakini shoga yangu, miaka yote hiyo hukutuambia kwamba hasomi. Uliubeba mzigo huo peke yako.” Nilimkatia simu katikati ya neno.

Kabla sijaeleza nilichofanya, acha niwaeleze mtu mwenyewe alikuwa nani.

Mume wangu alimaliza darasa la nane na cheti chake ninacho kabatini. Alikosa nafasi ya sekondari kama walivyokosa wengi, akapelekwa kwa mzee mmoja mchora vibao. Mwaka mzima wa kwanza hakuruhusiwa kuchora herufi hata moja. Alipewa brashi, ubao mweusi na kopo la maji, akaambiwa avute mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo bila rula. Akimaliza, maji yamekauka na mstari haupo, aanze tena. Hapo ndipo jina la Mstari lilipomwingia, na halikutoka tena.

Tulikutana kwa ugomvi. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili, na yeye aliletwa kuandika kibao cha lango la shule. Nilitoka darasani na rula yangu ya mbao, nikapanda kwenye benchi alilokuwa akilitumia, nikapima.

“Fundi, umekosea,” nikamwambia. “Hii S imevuka mstari juu na chini. Na hii G pia. Herufi nyingine zimekaa sawa.”

“Ni kweli, mwalimu. Zimevuka.”

“Sasa?”

“Sasa shuka, urudi nyuma hatua ishirini, halafu unambie ni ipi iliyovuka.”

Nilirudi nyuma huku nikihesabu hatua zangu kwa hasira. Nilipogeuka, herufi zote zilikuwa na kimo kimoja, zimesimama kama askari wa gwaride. Alinieleza baadaye kwamba herufi ya mviringo hugusa mstari kwa nukta moja tu, kwa hiyo ukiipa kimo sawa na wenzake, jicho huiona imepungua. Huna budi kuizidishia kidogo ili ionekane haijazidi. Nimesoma chuo cha ualimu na hakuna aliyewahi kunifundisha jambo hilo.

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama. Nilipompelekea habari kwamba ninataka kuolewa naye hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Na huyo mpaka rangi?” kwa sauti ambayo mtu huulizia kama maziwa yamechacha. Ndiyo maana kwenye kadi ya arusi niliandika kwamba bwana arusi ni mkandarasi. Niliandika hivyo pia kwenye fomu za shule za watoto wetu watatu. Siku moja aliiona fomu mezani, akaisoma yote, akairudisha mahali pake. “Nadhifu,” alisema. “Ila sijui mkandarasi anachora nini.” Akaenda kuosha brashi zake. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alichora vibao vya mji huu kwa miaka arobaini. Watu wanadhani kibao ni jina na rangi. Yeye alianza kwa kuuliza nani atakitazama, akiwa wapi, akiwa na haraka gani. Zahanati ilipotaka kibao cha kuelekeza kina mama wodi ya wazazi, mganga mkuu alitaka mwanamke mjamzito anayetabasamu, amemkabili mtazamaji. Mume wangu akamchora akiwa upande, anatembea, mkono mmoja kiunoni, anaelekea wodini. Mganga akalalamika kwamba uso hauonekani vizuri.

“Daktari,” akamwambia, “akikukabili, utasimama umtazame. Akitembea, utamfuata. Anayekuja hapa ana uchungu. Unataka asimame?”

Kila mwanamke aliyefika hapo, awe anajua kusoma au hajui, alikata kulia bila kuuliza mtu. Hiyo ndiyo kazi ya mchoro. Rangi nayo alinifundisha tukiwa mezani, sahani zikiwa bado chafu: nyekundu inakujia, buluu inarudi nyuma, manjano juu ya nyeusi inasomeka hata na mwenye jicho moja. Na nafasi iliyoachwa wazi, alisema, imechorwa pia, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mteja ataona umemwibia rangi.

Sasa nije kwenye zile mbao.

Kinyozi wa karibu na stendi alikuwa na wateja wapagazi na makuli. Chumba chake kilikuwa chembamba: kioo ukutani mbele, kiti kimoja, na nyuma ya kiti ukuta mtupu wenye madoa ya unyevu. Alimwomba mume wangu amchoree kitu cha kuuficha ukuta. Mume wangu akaenda akakaa kwenye kile kiti, si mara moja, siku tatu. Akatazama kioo. Mteja, akanieleza, hauoni ukuta wa nyuma. Anauona ndani ya kioo. Kwa hiyo alichora kwa ajili ya kioo.

Kwenye mbao tatu za plaiwudi alichora kiti cha kifalme chenye mgongo mrefu, mapazia mekundu kila upande, na katikati, pale ambapo mfalme angekaa, hakuchora kitu. Aliacha manjano tupu. Juu ya manjano hayo akachora taji, akalifanya karibu mara mbili ya kichwa cha mtu, kwa kuwa ukuta uko mbali na kioo kuliko mteja, na kitu cha mbali hupungua. Na juu kabisa akaandika, kinyumenyume, herufi moja baada ya nyingine, kwa mkono usiotetemeka: USICHEKE, NIMESHIKA WEMBE. Hata jina lake pembeni aliligeuza.

Kuli akikaa pale, shuka shingoni, akiinua macho kwenye kioo alijiona amekaa kwenye kiti cha enzi, taji limemtua kichwani sawasawa. Kisha anasoma maneno. Kisha anacheka, na kinyozi anaondoa wembe shingoni na kusema, “Umeshaambiwa.” Watoto waliwekewa ubao juu ya mikono ya kiti ili vichwa vyao vifike kwenye taji. Walikuwa hawalii tena kunyolewa.

Kinyozi alipofariki, kibanda kilivunjwa. Mwanawe akaziuza mbao, na zikafika Jumba la Sanaa bila kioo wala kiti.

Hayo ndiyo niliyomweleza msimamizi wa maonyesho Alhamisi ile, kwa kirefu, nimesimama. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi, na alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Nashukuru sana, Mama,” alisema. “Ni simulizi nzuri. Lakini sanaa kila mtu huisoma kwa jicho lake. Sisi tumeisoma kama kilio.”

“Kilio cha nani?”

“Cha msanii. Nafasi tupu katikati—”

“Mwanangu, kile si kilio. Pale panakaa mteja.”

“Naelewa. Ila maelezo haya yametokana na utafiti. Yako pia kwenye kijitabu. Siwezi kuyabadilisha kwa sababu tu familia imekuja na maelezo tofauti. Familia nyingi huja.”

Wifi akaingilia. “Familia nyingi huja na nini? Sisi hatujaja kuomba kazi.”

“Sijasema hivyo, Mama mdogo.”

“Mama mdogo nani? Mimi umri wa dada yako.”

Hakuwa na umri wa dada yake, lakini sikumrekebisha. Nilimtazama yule kijana, na kilichonichoma hakikuwa ukali, kwa maana hakuwa mkali. Kilikuwa ule upole. Alikuwa amemhurumia mume wangu. Alichukua mzaha uliochekesha makuli miaka ishirini, akaukalia matanga, akaulilia, akaona amemfanyia hisani. Alichukua herufi ishirini na mbili zilizogeuzwa kwa makusudi, kazi ambayo ukimpa mwalimu yeyote wa chuo aifanye kwa brashi atalowa jasho kwenye herufi ya tatu, na badala ya kujiuliza kwa nini, akajijibu: maskini, hakujua.

“Kesho saa tatu,” nikamwambia, “nitakuja na kioo. Usipokubali kukitazama, nitakaa mlangoni nacho mpaka Jumatatu, na kila mtoto atakayepita nitamweleza mimi.”

Kabati langu la nguo lina kioo kirefu mlangoni. Nilifungua skrubu zake nne kwa kisu cha jikoni. Tulikibeba mimi na wifi kwa kukizungushia shuka, tukakodi gari la mizigo, na njia nzima wifi alikuwa akimwambia dereva apunguze mwendo kwani amebeba mgonjwa.

Saa tatu kamili tulikuwa ukumbini. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima mwenye mvi, alitusaidia kukisimamisha. Nilipima kwa hatua, kwa kuwa vipimo vya chumba kile ninavijua: mume wangu alivichora kwa chaki sakafuni kwetu kabla hajagusa ubao. Kutoka kwenye mbao hadi kwenye kiti, hatua mbili. Kutoka kwenye kiti hadi kwenye kioo, hatua moja na nusu.

“Baba, tuazime kiti chako,” nikamwambia mlinzi. “Na wewe mwenyewe ukikalie.”

Akakaa. Kiti chake kilikuwa kifupi kuliko cha kinyozi, na taji likabaki juu, halijamfikia. Wifi akatazama huku na huku, akaona vijitabu vya maonyesho vimepangwa mezani, vile vyenye maelezo yale yale ya karatasi. Akachota vifurushi viwili.

“Simama kidogo, kaka. Sasa kalia hivi.”

Mlinzi akakalia vijitabu, akanyoosha mgongo, akainua macho.

Niliona midomo yake ikisoma. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kicheko cha tumboni, mkono umeshika shingo kana kwamba kweli kuna wembe.

“Mimi ni mfalme,” alisema. “Jamani. Nimelinda ukumbi huu miaka kumi na mmoja, nikipita hapa kila siku, kumbe kiti ni changu.”

“Sasa wewe,” nikamwambia msimamizi.

Alikaa. Taji likamtua. Yeye hakucheka, wekundu ulimpanda masikioni. Alikaa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe alisema, akiniangalia ndani ya kioo na si usoni, “Mama, nimekosea.”

Ningeweza kuachia hapo. Lakini nilikuwa nimelala na hasira ile na kuamka nayo, na bado nilikuwa na jambo la kusema.

“Mlijua jina lake. Mlijua mtaa wake. Nyumba yetu haijahama. Kabla ya kumwandika mtu kwamba ni mjinga, mlishindwa nini kubisha hodi na kuuliza?”

Alisimama. Alisogeza kiti kando kwa uangalifu.

“Nilibisha, Mama.”

“Lini?”

“Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua. Nilielekezwa na muuza duka. Nikauliza kama hapo ndipo kwa Fundi Mstari, mchora vibao. Ulisimama mlangoni, ukaniambia, ‘Hapa ni kwa marehemu mkandarasi. Hakuna mchora vibao.’ Ukafunga. Jana nilikutambua. Niliona aibu kukukumbusha.”

Nilimkumbuka. Sura yake hapana. Nilikumbuka viatu vyenye matope kwenye kizingiti nilichokuwa nimetoka kukipiga deki, na lile neno *vibao* likitamkwa kwa sauti huku jirani akianua nguo upande wa pili wa ua.

Wifi alinitazama. Yeye ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu siku ya mazishi, kutoka kwenye karatasi niliyoiandika mimi, na palipoandikwa “mkandarasi” alisita kidogo, akaendelea. Nilidhani amekabwa na machozi.

Sitaki mtu anisome vibaya. Kijana yule alikosea na sijamsamehe. Mlango uliofungwa haumwambii mtu kwamba aliyekuwa ndani hakujua kusoma. Hilo alilitoa kichwani mwake, kwa sababu lilimfaa. Lakini mlango niliufunga mimi. Miaka thelathini na minne nililinda jina zuri la nyumba yetu nisione kwamba nimelitoa nje jina la mume wangu mwenyewe. Hasira niliyoibeba kwenye gari la mizigo pamoja na kioo, nusu yake ilikuwa imekosea anwani.

“Nipe karatasi,” nikamwambia.

“Kuna kikomo, Mama. Maneno hamsini.”

“Nimesahihisha insha maisha yangu yote. Nipe karatasi.”

Niliandika nimesimama, nikitumia mgongo wa kijitabu. Niliandika kwamba mchoro huu umechorwa utazamwe ndani ya kioo na mtu aliyekaa. Kwamba nafasi tupu ni ya huyo mtu. Kwamba taji limezidishwa ili lionekane halijazidi. Niliandika kwamba aliyeuchora alisoma hadi darasa la nane, na gazeti kila siku. Nikaacha pengo mahali pa kazi yake. Mkono uliandika M, na nikaona M nyingine ikija nyuma yake, ile ya miaka yote, imeshazoea njia. Nikaandika: mchora vibao. Nikalirudia kwa herufi kubwa, ili lisomeke hatua ishirini.

Kioo nimekiacha pale. Kabati langu sasa lina mlango mtupu, na binti yangu akija ananiuliza ninajitazamaje. Vijitabu vimerudishwa kiwandani kuchapwa upya. Jumatatu nilikwenda, nikakaa pembeni, nikawaona watoto wa mabasi mawili wakikalia kiti kwa zamu, wakisoma kwa sauti, wakivunjika mbavu, na mwalimu wao akiwakataza kwa maneno yale yale yaliyoandikwa ukutani bila kujua kwa nini wanazidi kucheka.

Walipoondoka, mlinzi alinipangusia kiti. “Mama, na wewe hujakaa.”

Ilikuwa kweli. Mwanamke hakuwa na shughuli kwa kinyozi yule. Mchoro huu ambao nimeupigania sikuwahi kuuona kutoka mahali pake. Nikakaa. Taji likashuka kwenye kilemba changu, na juu yake mume wangu akaniambia, kwa mwandiko wake ulionyooka, nisicheke.

Wifi alikuwa ameinama kando yangu, uso wake umeingia kwenye pazia jekundu. “Haya, mke wa mchora vibao,” akasema. “Umependeza.”

“Nyamaza,” nikamwambia. “Ninasoma.”